Siku ya Kumi na Sita

Mbagala, Dar es Salaam
12 Oktoba 2024

Shangazi yangu Bi Binti Saad,

Shikamoo. Ulinilalamikia kwamba kila ukinipigia nakwambia niko kikaoni, na kwamba barua angalau mtu haikati. Haya, nimenunua kalamu. Ridhiwani mchuuzi wa pweza amekubali kutubebea, kwa kuwa kila baada ya wiki mbili yuko hapa Mbagala na ndoo zake. Nusaiba mke wangu anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye bega langu. Mdogo wangu Hafsa mwambie nimeiona picha yake ya shela jipya, apunguze maringo.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka mwezi wa tano tulipokuja Songo Songo na vipaza sauti? Ulikaa kwenye mkeka siku kumi na tano, unavunja tawi la mwani karibu na sikio, unasema hili zima, hili gonjwa, sisi tunarekodi. Matawi elfu sita, Shangazi! Kompyuta imeyasikiliza yote na imejifunza. Tumeipa jina la Sikio. Tuliipima kwa majibu yako mwenyewe, yale tuliyokuwa tumeyaficha isiyaone, ikapatia tisini na sita kwa mia.

Wakubwa wameikubali. Mbegu yote ya mwani kuanzia Tanga hadi Mtwara itachaguliwa na Sikio, na wanunuzi wa nje nao wanaitaka. Nakueleza kwa nini ni jambo kubwa. Indonesia na Ufilipino hatutawashinda kwa magunia hata tukilima mpaka Kilwa Kivinje ihamie baharini. Siku hizi nchi haishindani kwa magunia. Inashindana kwa inachokijua, kitu ambacho hukishiki mkononi wala hukipimi kwa mizani: ujuzi, jina, hati ya kumiliki. Wahasibu wanaiita mali isiyoshikika. Miaka yote tunauza majani makavu, wanaturudishia dawa ya meno iliyotengenezwa kwayo. Sasa tuna kitu chetu ambacho wao hawana, nacho ni sikio lako.

Nimeambatanisha karatasi moja. Inasema majibu uliyoyatoa zile siku kumi na tano ni ya kweli na umeikabidhi kampuni. Tia sahihi pale chini tu. Fortunata, mkuu wangu, anaisubiri.

Mwanao,
Twalib

*

Songo Songo
3 Novemba 2024

Kwa mwanangu Twalib,

Marahaba. Kumbe mkono wako bado unajua kuandika, nilidhani umebaki kidole gumba cha kubofyea simu. Sisi wazima, alhamdulillah. Goti langu la kushoto limekataa kazi, la kulia linafanya kwa shingo upande. Mtoto mpe kipande cha mhogo mkavu atafune, asikumalize bega. Hafsa yupo, kila tukitoka kufunga mwani anajitazama kwenye kioo kama kuna mtu kamwibia uso. Lakini sikio analo. Sikio la mama yenu, Mungu amrehemu.

Maji mwaka huu yameanza kupata moto mapema. Unaingia baharini saa nne asubuhi unaona vuguvugu mpaka kwenye mashavu ya miguu. Hali hiyo siipendi.

Karatasi nimeisoma mara mbili. Nzuri, ina mihuri. Sijatia sahihi.

Nakuuliza neno moja tu, mwanangu. Siku ya kumi na sita mlikuwa wapi? Nilitandika mkeka, nikachemsha chai ya tangawizi birika zima, nikawangoja mpaka maji yakajaa. Hafsa akaniambia mmeondoka na boti ya alfajiri. Hata kuaga?

Njoo nyumbani. Njoo peke yako, usije na wale wenye vipaza. Tutazungumza.

Shangazi yako,
Binti Saad

*

Mbagala
20 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole ya goti. Nimemkabidhi Ridhiwani dawa ya kuchua, usimpe jirani.

Kumbe kosa ni chai ya tangawizi! Nisamehe, boti ya watu wa mitambo ya gesi ilikuwa na nafasi alfajiri ile tukaipanda. Tulikuwa tumemaliza. Elfu sita zilitimia, tungebaki kufanya nini?

Shangazi, nisikilize vizuri. Kuja siwezi mpaka mwezi wa tatu. Mashamba ya mbegu ya Pande na Lindi yameshaanza, Sikio linachagua usiku na mchana. Mimi ndiye niliyesimama mbele za watu nikasema majibu haya yametoka kwenye sikio bora la pwani hii, na ni sikio la shangazi yangu. Nimepandishwa cheo kwa neno hilo. Bila sahihi yako hati haitoki, na hati isipotoka, kuna watu nje huko watatutangulia kuiandikisha kwa jina lao. Ndivyo nchi zinavyoachwa, kwa mtu mmoja kuchelewa kusaini.

Tia sahihi, tafadhali. Kama kuna neno, liandike wazi. Mimi si mgeni.

Twalib

*

Songo Songo
9 Desemba 2024

Kwa mwanangu Twalib,

Marahaba. Dawa imefika, inanuka vibaya na inasaidia. Jirani yetu Saad ameshaomba nimemnyima.

Umesema niandike wazi. Kaa chini basi.

Sisi wenye kuchagua mbegu kwa sikio tuna desturi yetu. Bibi yako alinifundisha hivyo, nami nikamfundisha mama yako hivyo. Anayekuja kujifunza, kutoka bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, hadi bamvua, siku zote kumi na tano, hatumwambii kweli yote. Yale matawi mepesi, yanayoonekana hata kwa jicho, tunamwambia kama yalivyo. Yale magumu, ambayo sikio pekee ndilo linajua, tunampindulia. Zima tunamwambia gonjwa, gonjwa tunamwambia zima. Karibu magumu yote, na kwa namna ile ile kila siku. Mwenye sikio, usingizi hauji. Anavunja mwenyewe kwa siri, anasikia, anaona mambo hayaendi. Siku ya kumi na sita anarudi kanuna, anasema, mama, umenidanganya. Hapo ndipo tunamkumbatia, tunaanza upya, tunampa kweli. Asiyerudi tunamwacha aende na alichonacho, maana hata ungempa kweli angeipoteza.

Hafsa, zamu yake ya kujifunza, alirudi siku ya kumi na sita analia kwa hasira. Nyie mlipanda boti.

Nilikosa, Twalib. Nalisema bila kuona haya. Nilidhani unajua. Umezaliwa nyumba hii, mama yako aliufunga mwani na wewe mgongoni. Nikasahau kwamba wewe ni mwanamume na haya mambo wanaume hawaambiwi. Moyo wangu unauma tangu siku ile, na nilikuwa nangoja uje nikwambie uso kwa uso nisikuaibishe.

Hilo Sikio lenu mmelipima kwa maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa yamepinduliwa. Litapatiaje basi? Litapatia uongo tu. Na nyepesi zitakuficha kosa hilo. Mwani gonjwa wa ndani unakua vizuri tu kwenye maji ya baridi, mwekundu, mnene. Maji yakipata moto ndipo unakuwa mweupe na kukatika, wote kwa siku chache.

Njooni tuvunje upya. Siwezi kukwambia ni matawi gani, mpaka niyashike. Sahihi sitii.

Shangazi yako

*

Songo Songo
6 Januari 2025

Kwa mwanangu Twalib,

Umenijibu kimya. Ridhiwani ameapa mbele yangu kwamba barua alikutia mkononi, ukaisomea palepale kwenye ndoo za pweza, ukakaa juu ya kreti, ukamwomba maji ya kunywa.

Nusaiba na mtoto hawajambo? Huku wamekuja vijana wawili na tangazo. Wanasema mbegu mpya inakuja mwezi ujao, na kila mtu ang'oe kamba zake za mwani za zamani, zisichanganyike na mpya. Wanawake wamefurahi, wanaimba. Hafsa wamempa kazi ya kuishika mashine yenyewe. Kivazi cha kampuni, kofia, simu mpya. Mimi nilimwambia, wewe Hafsa unajua kilichomo humo ndani, akasema, Shangazi, kaka Twalib atakuwa ameshairekebisha, kaka hawezi kuacha.

Nami nikanyamaza, kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Umeirekebisha?

Shangazi

*

Dar es Salaam
30 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimetuzidi.

Barua yako ya Desemba ilinyeshewa njiani, wino ukasambaa, sikuweza kuisoma. Kwa hiyo usijisumbue kuyarudia yaliyomo. Ile karatasi isikusumbue tena, Hafsa ametia sahihi kwa niaba yako kama ndugu wa karibu, na wanasheria wameridhika. Hati imetoka. Nchi yetu imetajwa kwenye mkutano mmoja mkubwa wa nje, nikapigiwa makofi nikiwa nimesimama.

Nakuomba mambo ya kazi usiyaandike kwenye barua. Zinapita mikono mingi.

Halafu, kwa udadisi wangu tu, zile ngumu zilikuwa kama ngapi katika mia? Kumi? Ishirini?

Twalib

*

Songo Songo
22 Februari 2025

Twalib,

Barua iliyonyeshewa imekwambiaje kuna ngumu na nyepesi? Mimi nimekulea, we mtoto. Nilikujua unadanganya tangu ulipokula sukari guru ukasema ni panya.

Ngumu zilikuwa thelathini, arobaini katika mia. Sikuhesabu. Umeridhika?

Mbegu yenu imefika Jumatatu, boti tatu. Nyingine zimepita moja kwa moja kwenda Pande na Kivinje, na wanasema Lindi na Mtwara walishapata wiki iliyopita. Nzuri kwa macho, sijapata kuona. Vijana wanaipiga picha. Nilichukua tawi nikaliweka sikioni nikalivunja. La kwanza halikulia. La pili halikulia. Twalib, nilivunja matawi hamsini. Zima linalia ta, kavu, unalisikia mpaka kwenye jino. Haya yalijibu chini kwa chini kama mtu anayesema na mdomo umejaa chakula. Saba tu ndiyo yalilia.

Niliwaambia wanawake. Wakanitazama kwa huruma, wakidhani nina wivu na mashine. Mmoja akasema labda ni masikio ya uzee. Hafsa alikuwa amesimama nyuma yao na kile kivazi. Alivunja tawi, alilisikia, namjua uso wake alivyosikia. Akaitazama mashine, mashine ikaandika zima, naye akasema zima. Usiku alilala bila kula.

Kamba za zamani zimeng'olewa zote. Nchi nzima, wanasema, kuanzia Tanga. Mbegu iliyokaa pwani hii tangu mama zetu waanze kulima mwani imekaushwa ikatiwa kwenye magunia ikauzwa.

Maji ni ya moto. Wiki ijayo Ramadhani. Simama mbele za watu wale wale, useme. Watu watang'oa mapema, wataokoa chochote. Ukinyamaza sasa hivi, mwanangu, mimi sijui nitakuombea vipi.

Shangazi yako

*

Dar es Salaam
18 Machi 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Niliisoma. Pale pale kwenye ndoo. Nililala siku tatu nikimwambia Nusaiba nina malaria.

Nilimwambia Fortunata mwezi wa kwanza. Sikukwambia hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani mwingine anajua. Kisha akasema hati imeshatolewa, wanunuzi wameshasaini, jina la nchi limeshatajwa, na mali ya namna hii ni imani ya watu tu, siku watu wakiacha kuamini inakuwa haipo. Hakunitisha, Shangazi. Alinisogezea kiti nikae. Nami nikakaa, nikanyamaza, nikaenda kwenye mkutano nikapigiwa makofi. Ile barua yangu ya Januari niliiandika ofisini, naye amesimama mlangoni.

Wamenipigia kutoka Lindi juzi. Umeanza kuwa mweupe. Kule nje wanunuzi wanauliza maswali. Fortunata sasa ndiye anayekutaja wewe kila saa. Anataka mbegu ya zamani ipatikane popote ilipo, ipelekwe kukuzwa kwenye maabara ya nje chini ya ile hati.

Niambie kweli. Umebakisha?

Twalib

*

Songo Songo
9 Aprili 2025

Kwa mwanangu Twalib,

Marahaba, marahaba. Idd yetu imepita bila shangwe. Nilimchinjia Hafsa kuku hakumgusa.

Mwani wote umekwisha. Ulianza tarehe ishirini na nane Ramadhani, siku nne ukawa mweupe kisiwa kizima, ukikanyaga unapasuka kama ute wa yai. Kivinje hivyo hivyo, Pande hivyo hivyo. Wanawake hawaniangalii usoni. Hafsa amevua kile kivazi, amekikunja, amekiweka juu ya kabati. Kesho nampeleka Kiranjeranje kwa mjomba wake akae shambani kidogo.

Uliniuliza nimebakisha. Nimebakisha kamba moja. Nilipoambiwa ning'oe niling'oa zote nikaacha ile ya mkondoni, kwenye maji marefu, huko ambako hakuna mtu wa kwenda na goti zima seuze hili langu. Iko hai. Jana alfajiri niliifikia kwa mtumbwi, nikavunja, ikalia ta mpaka nikacheka peke yangu baharini kama mwendawazimu.

Sasa nikwambie lililotokea jana hiyo hiyo. Wamekuja watu wanne wa kampuni, na yule Fortunata mwenyewe. Mtu wa adabu, amevaa vizuri. Akatoa karatasi aliyosaini Hafsa kwa jina langu, akasema mbegu yoyote ya zamani pamoja na ujuzi wa kuichagua ni mali ya kampuni, nionyeshe iko wapi. Nikamwambia nina kapu moja tu nyumbani kwenye maji ya chumvi. Hilo lilikuwa kweli, nilikuwa nimeokota mabaki ya watu, mazima na magonjwa pamoja. Akasema nichague, lipi zima na lipi gonjwa. Wakawasha vipaza.

Nilichagua, mwanangu. Nilivunja moja moja mpaka adhuhuri. Mazima nikayaita magonjwa wakayamwaga nyuma ya jiko, magonjwa nikayaita mazima wakayatia kwenye sanduku la barafu. Wakanishukuru, wakapanda boti.

Sikufanya kwa hila. Ndiyo desturi. Siku ya kumi na sita ni Jumatano tarehe ishirini na tatu. Yeyote kati yao akirudi kanuna, akaniambia bibi, umetudanganya, nitamkumbatia na kumfundisha kweli, hata Fortunata. Wakirudi na karatasi, sitasema kitu.

Sasa unajua kamba iko wapi. Pwani yote ya nchi hii iko kwenye hiyo kamba moja, na wewe unaijua, na mimi, hakuna mwingine. Ukiionyesha barua hii watakuja kuichukua, nao hawajui kuilea, itakufa kwenye chupa huko kwa watu. Usipoionyesha, baada ya miezi sita nitawagawia wanawake, kila mmoja konzi moja, bure, kama nilivyopewa mimi.

Mama yako nilimpindulia. Hafsa nilimpindulia. Wewe leo nimekupa kweli siku ya kwanza. Sijapata kumfanyia mtu hivyo maishani mwangu.

Njoo utazame. Maji ya bamvua yakitoka nitakuonyesha kwa kidole.

Shangazi yako akupendaye,
Binti Saad

*

Dar es Salaam
Jumanne, 15 Aprili 2025

Shangazi,

Barua nimeisoma mara tatu. Fortunata ameisoma mara moja, ikamtosha.

Hakuninyang'anya. Aliniuliza kama nina habari yoyote kutoka nyumbani, nikasema sina, akanitazama tu, na mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Sijui nikueleze vipi. Alisema nitakuwa nimeiokoa nchi. Nilipokuwa nampa nilikuwa naamini hivyo, na sasa hivi, saa mbili hazijapita, siamini tena.

Boti ya kampuni inatoka Kilwa Masoko Alhamisi alfajiri na wapiga mbizi wawili. Ukiihamisha kamba kesho watakuta maji matupu.

Ridhiwani anasema zamu yake ya kuvuka ni Ijumaa. Simu iko hapa mezani, ina chaji, na namba ya Saad jirani yako, ile unayonipigia, ninayo. Nimeishika mara mbili nikairudisha chini. Naandika barua.

Shikamoo, Shangazi.

Twalib